Uzi: "Kifanye kiwanda kuwa nyumba yako" – nilichokiona Foshan kuhusu Confucius, mabosi na moyo wa kazi

#1 (mwanzisha uzi, Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Wakubwa wote shikamooni.

Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Jumatatu ya wiki iliyopita na sijapata pa kulisemea.

Bosi wetu alikwenda Guangzhou kwenye maonesho ya biashara. Kakaa siku kumi, karudi na utaratibu mpya. Kila siku saa moja na nusu asubuhi wafanyakazi wote tujipange mistari uani, tusome kanuni za kampuni kwa sauti, na kuanzia sasa ni marufuku kumjibu mkubwa wako. Akasema Wachina wametushinda kwa kitu kimoja tu: wamefundwa na Confucius, mwanafalsafa wao wa kale, kwamba mkubwa akisema mdogo anatii, ndiyo maana mfanyakazi wa kule haachi kazi na hanung'uniki.

Pale kikaoni nilinyamaza. Lakini mimi nimeishi kule. Kuanzia 2012 hadi 2018 nilikuwa Foshan, mkoa wa Guangdong, idara ya mauzo ya nje ya kiwanda cha tailizi, nikihudumia wateja wa huku kwetu. Nimewaona walioacha kazi, tena wengi, na nilijua sababu zao.

Tuanze na Confucius mwenyewe. Alizaliwa 551 KK katika dola ya Lu, mji wa Qufu, leo mkoa wa Shandong, akafariki 479 KK. Zama zake dola ndogondogo zilikuwa zinamalizana kwa vita na wakubwa wanapinduana, kwa hiyo swali lililomsumbua ni hili: watu wa daraja tofauti wataishije pamoja bila kuumizana? Wafuasi wake wakaja kuyataja mahusiano matano: mtawala na mtumishi wake, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, rafiki na rafiki. Manne kati ya hayo yana mkubwa na mdogo. Wengi wakishasikia hapo wanaridhika, wanarudi nyumbani kuwapanga watu mistari.

Sasa sikilizeni kisa kimoja kutoka mazungumzo yake waliyoyakusanya wanafunzi. Ding, mtawala wa Lu, alimuuliza: mkuu amtumie vipi mtumishi, na mtumishi amtumikie vipi mkuu? Akajibu kwa maneno machache. Mkuu amtumie mtumishi kwa *li*, na mtumishi amtumikie mkuu kwa *zhong*.

*Li* ni adabu na stahiki, kumpa kila mtu heshima ya nafasi yake, kuanzia salamu mpaka msiba. *Zhong* ndilo neno ambalo mabosi hulitafsiri "utii", na si utii. Herufi yake ina alama mbili: juu "katikati", chini "moyo". Mtu ambaye moyo wake umetulia katikati, haukuegemea pembeni. Na angalieni nani ametangulizwa. Amempa mkuu wajibu wake kwanza, mtumishi akafuata.

Mencius, mwanafalsafa aliyefuata mafundisho ya Confucius na aliyezaliwa zaidi ya miaka mia moja baada ya mwalimu huyo kufariki, alimweleza mfalme wa dola ya Qi usoni kabisa: ukiwaona watumishi wako kama mikono na miguu yako, watakuona kama moyo na tumbo lao, ukiwaona kama mbwa na farasi, watakuona mpita njia, ukiwaona kama udongo na majani, watakuona jambazi na adui. Aliyekuwa anasikiliza ni mfalme mwenye jeshi. Na mwanafunzi Zilu alipouliza namna ya kumtumikia mkuu, Confucius alimwambia asimdanganye, bali ampinge waziwazi. Hiyo marufuku ya kumjibu mkubwa sijui imetoka wapi, lakini kwa Confucius haikutoka.

Sasa kiwandani.

Nilipofika, mwenye kiwanda, *laoban* kama wanavyomwita bosi kule, alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu aliyeanza na tanuri moja. Ofisini kwake kulikuwa na meza ya chai ya mbao nzito. Ukiingia na tatizo hakuulizi tatizo, anakumiminia chai kwenye kikombe kidogo cha kumeza mara moja, nawe unagonga meza kwa ncha za vidole viwili kumshukuru, ndiyo desturi ya Guangdong. Alimmiminia mnunuzi wa makontena ishirini na akammiminia dereva wa folklifti, kwa mkono uleule.

Kipimo cha moyo wa kazi kule hakiko kwenye fomu za ofisi ya utumishi. Kinaonekana siku ya kufungua kazi baada ya sikukuu ya mwaka mpya wao. Wafanyakazi wengi wa Foshan si wa Foshan, wanatoka Hunan, Guangxi, Guizhou, Sichuan. Sikukuu ikifika tanuri zinazimwa, watu wanabeba mabegi, kiwanda kinabaki kitupu. Mwenye kiwanda hana uhakika hata kidogo nani atarudi. Mtu akipata pengine akiwa likizo, simu anazima na mambo yamekwisha.

Mwaka wangu wa kwanza niliiona siku hiyo kwa macho yangu. Fataki zimelipuliwa getini, nguruwe mzima wa kuchoma yuko mezani, na mzee amesimama mlangoni na rundo la bahasha nyekundu, anampa kila anayeingia kwa mikono miwili na neno moja la kumhusu. Kwa huyu anauliza goti la mama yake, kwa yule matokeo ya mtihani wa mtoto. Ndani ya bahasha mlikuwa na noti moja, si fedha ya kujengea. Nilipofika mimi akanishika mkono akanielekeza mwisho wa meza: palikuwa na sahani ya samaki wa mvuke. Alikuwa ameuliza kabla, akaambiwa sili nguruwe. Wakuu, mimi nilikuwa na miezi mitano tu pale. Tangu siku hiyo, mteja akinipigia saa nane za usiku kwa saa za kule, nilikuwa napokea.

Mwaka ule walirudi karibu wote.

Kulikuwa na fundi wa tanuri, tukimwita Shifu, yaani fundi mkuu, mwalimu. Tanuri la tailizi ni refu, unatembea zaidi ya mita mia kutoka mdomo mpaka mkia, na ndani moto unafika nyuzi 1,200 hivi. Shifu alisimama mkiani, anachukua tailizi moja, anaining'iniza kwa vidole viwili pembeni, anaigonga kwa kifundo cha kidole. Nzima inalia kama kengele. Yenye ufa usioonekana inatoa sauti iliyokufa. Alikuwa na vijana watatu wanaojifunza kwake, na kwa mwaka mzima hawakugusa kitasa cha moto, wanagonga na kusikiliza tu. Wakubwa wenzangu mliokulia kwa mafundi seremala wa Pwani mtakumbuka uhusiano wa fundi na mwanagenzi. Ni uleule: mwanagenzi anafagia, anatumwa, anavumilia, na fundi naye akishampokea ana deni la kumtoa mtu kamili.

Mwaka 2015 mzee alipata kiharusi. Mwanawe akashika. Kijana msomi, na sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuta madeni ya benki na bei ya tailizi inashuka. Kitu cha kwanza alipaka maandishi mekundu ukutani bwaloni, herufi za nusu mita: *Kifanye kiwanda kuwa nyumba yako.* Kitu cha pili akaacha kula bwaloni. Ikaja mashine ya alama za vidole na faini kwa dakika. Bonasi ya mwisho wa mwaka ikakatwa vipande viwili, nusu kabla ya sikukuu, nusu ukirudi, ili watu warudi.

Mwaka uliofuata mama yake Shifu alifariki kijijini Hunan. Aliomba siku saba, akapewa tatu, na hizo tatu zikakatwa kwenye mshahara. Enzi za mzee bahasha nyeupe ya rambirambi ingetoka siku ileile, na gari la kiwanda lingempeleka stesheni. Shifu alikwenda, akazika, akarudi siku ya nne asubuhi. Hakusema neno. Alifanya kazi miezi saba mpaka sikukuu, hakuchelewa hata siku moja, akachukua nusu ya bonasi, akaacha ufunguo wa kabati juu ya meza ya msimamizi umelala sawasawa.

Siku ya kufungua kazi hakuonekana. Nusu ya bonasi yake aliisamehe. Watu kumi na mmoja wa upande wa tanuri nao hawakuonekana. Miezi miwili baadaye mimi ndiye niliyepokea simu kutoka Kariakoo, mteja amefungua kontena na tailizi zinapasuka fundi akizigusa tu.

Wataalamu wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, waliandika mwaka 1991 kwamba mtu anajifunga na kazi yake kwa kamba tatu: anaipenda, anahesabu hasara ya kuondoka, au anajiona ana deni la kubaki. Nikipima yaliyotokea, mzee alikuwa anatumia ya kwanza na ya tatu. Mwanawe alizikata zote mbili akabaki na ya pili, na hesabu ni kitu ambacho hata mfanyakazi anaijua. Maneno ya Confucius yalikuwa mengi zaidi ukutani wakati wa kijana kuliko wakati wa baba.

Karibuni kwa michango.

#2 (mdau, Nairobi)

Ndugu, umeandika vizuri lakini naona unampa Confucius sifa isiyo yake. Nimefanya kazi na mkandarasi wa Kichina barabarani miaka mitatu. Wale jamaa walikuwa wanajituma kwa sababu ya shida, basi. Mtu katoka kijijini, ana mtoto aliyemwachia nyanya yake, na ule mfumo wao wa kuandikisha watu kwa kijiji, *hukou*, umekuwepo tangu 1958 na unamfanya mgeni katika mji wa nchi yake mwenyewe. Atakataa kazi vipi? Mkenya akiwekwa hali hiyohiyo atachapa kazi hivyohivyo, na hajawahi kusikia habari za Confucius.

#3 (mwanzisha uzi)

Ndugu, shida ipo, sikatai, na hukou nimeiona ikiwatoa watu machozi kwenye kuandikisha watoto shule. Lakini shida inaeleza kwa nini mtu anakwenda kazini. Haielezi kwa nini Shifu alibaki kiwanda kilekile miaka kumi na minne wakati viwanda jirani vilikuwa vinamwita kwa mshahara mkubwa zaidi, halafu akaondoka alipofiwa.

Na angalia ndugu zao wa mjini wenye shahada, kwenye kampuni za teknolojia. Mtindo wa 996, saa tatu asubuhi mpaka saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Machi 2019 waandishi wa programu waliweka orodha ya kampuni hizo kwenye GitHub, mtandao wa waandishi wa programu, wakaipa jina 996.ICU, maana yake ukifanya kazi hivyo utaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Mwezi uliofuata Jack Ma, tajiri mwanzilishi wa Alibaba, akasema hadharani kwamba 996 ni baraka kubwa kwa kijana. Hapo ndipo hasira ilipowaka kwelikweli. Sheria ya kazi ya China ya 1994 inasema saa nane kwa siku, na ovataimu isizidi saa 36 kwa mwezi. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Watu na wizara ya kazi wakatangaza waziwazi kuwa 996 ni kinyume cha sheria. Mwaka huohuo vijana walikuwa wameanza kusema *tang ping*, kulala chali: nafanya kinachotosha kula, basi.

Hao wote wamelelewa na wazazi walewale wa kumheshimu mkubwa. Wameona deni la upande wao wanalilipa, la upande wa pili halilipwi.

#4 (mdau, Dar es Salaam)

Mwanangu, marahaba. Mimi ni mstaafu wa reli. Nilianza kijana kabisa wakati TAZARA inajengwa. Wachina wale hawakuwa mabosi wa kukaa kwenye kiti. Injinia anabeba taruma begani pamoja na wewe, analala kwenye hema lilelile la kambi, na akikufundisha jambo anakushika mkono mpaka uliweze. Wengine walifia huku, makaburi yao yapo Gongo la Mboto. Sisi tulijitoa kwa sababu tuliwaona wanajitoa. Sasa nauliza, ule nao ulikuwa Confucius?

#5 (mwanzisha uzi)

Mzee wangu, asante sana kwa kuingia kwenye uzi huu. Nimelisoma swali lako mara mbili.

Kwa jina, hapana. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na ni miaka ileile ambayo kwao Confucius alikuwa anatukanwa redioni. Novemba 1966 vijana wa Walinzi Wekundu, wafuasi wa Mao, walikwenda Qufu wakavunja na kufukua makaburi ya ukoo wake, na mwaka 1974 nchi nzima iliendesha kampeni ya kumlaani yeye pamoja na Lin Biao, jemadari aliyekuwa mrithi mteule wa Mao kabla ya kuitwa msaliti. Injinia yule wa hema moja na wewe angeambiwa anafuata Confucius angeogopa. Alikuja kwa imani ya Mao, mkubwa na mdogo ni sawa.

Kwa hiyo mzee umenifundisha: si kila jema la Mchina kazini ni la Confucius. Lakini ile ya kumshika mtu mkono mpaka aweze, hiyo nadhani ni ya zamani kuliko vyama vyote.

#6 (mdau, Seoul)

Kaka, hongera kwa uzi. Naomba niseme kama mwanamke na kama mtu niliye ndani ya ofisi ya Kikorea mwaka wa tano sasa.

Huku Confucius hawamtaji, wanamuishi. Kila mtu ana cheo na anaitwa kwa cheo, *daeri*, *gwajang*, *bujang*, na kitenzi chenyewe kinabadilika mwisho kulingana na unayesema naye. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo halikunishinda. Kilichonishinda ni *hoesik*, chakula cha jioni cha idara. Kinaitwa cha hiari. Usipokwenda inaandikwa moyoni mwa mkubwa. Unamimina kwa mikono miwili, unageuza uso pembeni ukinywa mbele ya mkubwa, unakaa mpaka yeye atosheke. Na anayetarajiwa kukata nyama na kuigeuza kwenye moto ni mdogo kuliko wote, na akiwepo mwanamke mara nyingi ni yeye.

Wakorea wenyewe wamechoka. Wana neno, *gapjil*, uonevu wa mwenye nafasi ya juu kwa aliye chini. Desemba 2014, uwanja wa ndege wa JFK, makamu wa rais wa Korean Air, binti wa mwenye kampuni, aliirudisha ndege iliyokwisha anza kuondoka kwa sababu njugu za makadamia alizoletewa zilikuwa kwenye pakiti badala ya sahani, akamshusha mkuu wa wahudumu. Nchi nzima iliona aibu. Julai 2018 wakashusha wiki ya kazi kutoka saa 68 hadi 52, Julai 2019 ikaja sheria ya kuzuia unyanyasaji kazini.

Nauliza kwa heshima: huyo mzee wako mwenye bahasha nyekundu, wanawake walikuwa wapi kwenye kiwanda chake?

#7 (mwanzisha uzi)

Dada, umenishika pabaya na ni haki yako.

Walikuwa kwenye kupanga na kufunga maboksi. Miaka yangu yote pale hakuna mwanamke aliyepita usimamizi wa kufunga. Mmoja alijua daftari za tanuri kuliko msimamizi wake, mzee alimsifia mbele ya watu, akampa bahasha nene, cheo hakumpa. Mhasibu mkuu alikuwa shemeji yake mzee, na kila mtu alijua hesabu hazikai sawa, hakuna aliyesema kwa kumwonea haya mzee. Na ovataimu hakuwahi kuilipa kama sheria inavyotaka. Alilipa kwa alivyoona yeye inafaa. Hayo nayo yamo kwenye malezi yaleyale. Ukimwita bosi baba, siku anapokuonea unakosa pa kwenda kushtaki. Sikuyaandika mwanzoni kwa sababu nilimpenda yule mzee, nikaona ni kama kumsema vibaya.

Kwa hiyo sheria lazima iwepo. Sheria inamlinda yule ambaye mzee hakumwona.

#8 (mdau, Mwanza)

Mkuu, Wajapani je? Hao ndio tulisomeshwa kwamba wanaajiriwa mpaka wanastaafu.

#9 (mwanzisha uzi)

Japani sijaishi, nitagusia kidogo. Mtu wa kumtazama ni Shibusawa Eiichi, 1840 hadi 1931, aliyekuwa na mkono kwenye kuanzishwa kwa kampuni zipatazo 500 na ambaye tangu Julai 2024 sura yake iko kwenye noti ya yen 10,000. Alishikilia kwamba mafundisho ya Confucius na hesabu za biashara vikae meza moja. Ile ajira ya maisha na mshahara wa kupanda kwa umri ilienea hasa baada ya vita kuu ya pili, tena kwenye kampuni kubwa, si kila mahali. Mfanyakazi alitoa ujana wake wote, kampuni nayo haikumtupa uzeeni. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1990 na kampuni zikaanza kuchukua vibarua wa mikataba mifupi, utii ulidaiwa uleule. Wana neno *karoshi*, kifo cha kufanya kazi kupita kiasi. Nchi ikishahitaji neno la namna hiyo, mambo hayako sawa.

#10 (mdau, Nairobi)

Ndugu, hapo kwa Shifu na sheria tumekubaliana. Sasa niambie, bosi wako utamfanyaje? Maana kesho ni Jumatatu tena, mnasimama uani.

#11 (mwanzisha uzi)

Ndugu, nimeomba kumwona kesho saa nne, baada ya hiyo mistari. Nitakwenda peke yangu, sitaki kumfedhehesha mbele za watu, naye ana hadhi yake.

Sitampinga kuhusu mistari. Nitamwambia habari ya dereva wetu wa lori, amevunjika mguu tangu mwezi uliopita akishusha mzigo wa kampuni, amelazwa Temeke, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekwenda kumwona. Mshahara wake wa mwezi huu umekatwa siku alizolala hospitali. Nitamwomba twende wote mchana, kwa gari lake yeye, na kabla ya kuondoka amwambie mhasibu arudishe zile siku. Kama atakubali, nitanunua machungwa njiani.

Nitarudi hapa kuwapa mrejesho.